Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu dirisha la Livingstone pale Kanisa la Mkunazini, na familia yake

Mie ni muumini wa Mkunazini, nimebatizwa pale na mama yangu kabatizwa pale pale. Jumamosi huwa nakwenda kusaidia kufuta vumbi na kupanga vitabu vya nyimbo, sasa wageni wakinikuta na kitambaa mkononi wanadhani ndo muongozaji, wananiuliza. Na si wageni tu, hata wenyeji wa hapa hapa mjini, watoto wa skuli, jirani zangu wa Kikwajuni. Maswali ni yale yale kila wiki kwahiyo nimeyakusanya niyajibu mara moja kwa utulivu, maana pale kanisani mtu anakuuliza huku keshageuka anapiga picha.

Kwanza, hilo kanisa ni lipi? Ndo lile la Minara Miwili?

Hapana, Minara Miwili ni la Wakatoliki, la Mtakatifu Yosefu. Letu ni la Anglikana, Kanisa Kuu la Kristo, liko Mkunazini, ukishuka Darajani unatembea kidogo tu umefika. Limejengwa juu ya soko la watumwa. Soko lilifungwa Juni 1873 baada ya Sultan Barghash kutia saini mkataba na Waingereza, na jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi mwaka huo huo.

Dirisha lenyewe ni lipi? Mbona naona ya rangi mengi?

Ndiyo, liko zaidi ya moja. Nyuma ya altare kuna watakatifu wa Afrika, wa Misri, wa Carthage na wa Ethiopia, na mie huwa nawaonesha watoto yale kwanza ili wajue Ukristo haukuja Afrika na meli ya juzi. Kuna kumbukumbu za mabaharia wa Kiingereza waliokufa wakifukuza majahazi ya watumwa kwenye bahari hii yetu, na hiyo haikuwa kazi ya mchezo, Kapteni Brownrigg wa meli ya HMS London aliuawa Desemba 1881 huko upande wa Pemba kwa kazi hiyo hiyo. Na kuna hilo la kumkumbuka Dk. David Livingstone, yule mmisionari na msafiri wa Kiskoti aliyeupinga utumwa. Ukiingia usione haya, muulize yeyote wa kanisani atakuonesha.

Livingstone alikuwa anasali humu?

Hili naulizwa kuliko yote. Hapana jamani, hakuliona hata jiwe moja. Alifika Unguja mara ya mwisho Januari 1866, ile nyumba aliyokaa ipo mpaka leo njia ya kwendea Bububu, akaondoka tarehe 19 Machi 1866, siku aliyotimiza miaka 53, na hakurudi tena akiwa hai. Akafa tarehe 1 Mei 1873 kwenye kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Hesabu wewe mwenyewe: soko lilifungwa mwezi mmoja na siku kidogo baada ya yeye kufa. Alilipigia kelele miaka na miaka na halijafungwa mbele ya macho yake. Na ile Krismasi ya 1873 watu wanaweka jiwe la msingi hapa, mwili wake ulikuwa bado uko bara, njiani, mabegani mwa watu. Mie kila nikilifikiria hilo nasimama na kitambaa changu.

Sasa kama hakusali humu, kwa nini kawekewa dirisha?

Kwa sababu kanisa hili ni mtoto wa maneno yake. Mwaka 1857 alikwenda Cambridge akahutubia akawaambia vijana wa vyuo vikuu waje Afrika, na kutokana na hapo ikaundwa misheni ya UMCA ya vyuo vya Oxford, Cambridge, Durham na Dublin. Wazee wetu mpaka leo wanasema "sisi watu wa Yu-em-si-ei". Wamisionari wa kwanza waliongozwa na Askofu Mackenzie, wakaenda Magomero, Malawi ya leo, mwaka 1861, homa na njaa vikawamaliza, Mackenzie mwenyewe kafa Januari 1862. Askofu aliyemfuata, Tozer, ndo akahamishia misheni Unguja mwaka 1864. Halafu Steere, aliyekuja naye, akarithi uaskofu akajenga kanisa. Huyo Steere ndo kalala nyuma ya altare, wengi wanadhani lile ni kaburi la Livingstone, silo. Steere alifariki 1882, na Kiswahili chetu cha vitabuni kina deni kubwa kwake maana alikaa akakiandikia sarufi na kuanza kutafsiri Biblia wakati wenzake wengi walikiona ni lugha ya sokoni tu.

Basi kaburi la Livingstone liko wapi?

London, Westminster Abbey, alizikwa tarehe 18 Aprili 1874. Ila moyo wake uko Chitambo. Watu wake waliufukia chini ya mti wa mpundu, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa kitambaa na magome ya mti, wakaubeba.

Na ule msalaba wa mbao mle kanisani, moyo umo ndani yake?

Haumo. Msalaba umetengenezwa kwa mbao za ule mti uliokuwa juu ya moyo. Mti ulikatwa mwaka 1899 maana ulikuwa unaoza, kile kipande chenye maandishi kikapelekwa London, na sisi tukapata mbao za msalaba. Tafadhali msiuguse. Najua mkono unakwenda wenyewe, hata mie nilipokuwa mdogo nilikemewa, lakini mafuta ya mikono ya watu mia kwa siku yanaila mbao polepole.

Mie nina hasira kidogo. Watumwa waliuzwa maelfu hapo, halafu dirisha zuri kapewa Mzungu mmoja. Hii ni haki?

Swali hili aliniuliza kijana mmoja wa Chuo Kikuu, na sikumjibu siku ile, nilikwenda nalo nyumbani. Nakujibu sasa.

Una haki ya kuuliza. Bibi yangu mzaa mama alikuwa hapendi hata kupita Mkunazini jioni, na hakutaka kusema kwa nini, kwenye familia nyingi za hapa hayo mambo hayasemwi, mtu anakwambia tu "sisi asili yetu bara" halafu anabadilisha mazungumzo. Kwahiyo sikulaumu. Ila angalia kanisa zima usiangalie kioo kimoja. Pale mbele ya altare kuna duara la jiwe jeupe limezungukwa na nyekundu, ndo mahali pa ule mti waliofungwa watumwa wakachapwa viboko. Yaani padri akisimama kutoa misa anasimama hapo hapo. Steere angeweza kuliweka altare popote, akaliweka pale. Halafu nje kuna lile shimo lenye sanamu za watu watano wamefungwa mnyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden ya mwaka 1998, na ule mnyororo ni wa kweli wa zamani zile. Ukitoka hapo ndo urudi kwenye dirisha, na ukisimama mbele yake nataka nikuhadithie ni familia gani unayoiangalia, maana watu wengi wanamjua yule mwenye kofia wa kwenye picha ya Ujiji basi.

Familia yake ilikuwa ya nani na nani?

Mke wake ni Mary Moffat, kazaliwa Afrika Kusini mwaka 1821, mtoto wa mmisionari Robert Moffat wa Kuruman, yule aliyetafsiri Biblia kwa Kitswana. Huyu mama alikuwa anaijua Afrika kuliko mumewe, kakulia huku, lugha anaijua. Walioana 1845. Wakapata watoto sita: Robert, Agnes, Thomas, Elizabeth, William Oswell na Anna Mary. Elizabeth aliishi wiki sita tu.

Sasa Livingstone alikuwa akisafiri nao mpaka jangwani, Mary na mimba na watoto wadogo ndani ya gari la ng'ombe, kisha mwaka 1852 akawapandisha meli Cape Town wakaenda Uingereza na yeye akaenda zake kuvuka bara. Miaka minne na zaidi. Mama kule na watoto wanne, hela hamna, kwao si kwao. Mie ni mama, siwezi kulipita hili haraka haraka. Alikuwa mtu mkubwa kwa ulimwengu na nyumbani hakuwapo, yote mawili ni kweli, na mkinitaka nichague moja nalikataa swali.

Mary akaja kumfuata mumewe mtoni Zambezi mwanzoni mwa 1862, homa ikamchukua tarehe 27 Aprili, miezi michache tu. Kazikwa Shupanga, Msumbiji, chini ya mbuyu. Likumbukeni hilo jina Shupanga, nitalirudia.

Robert, mtoto wa kwanza, ndo ananiliza. Alifika Marekani wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe akajiunga na jeshi la Kaskazini kwa jina la uongo, Rupert Vincent, akamwandikia baba yake kwamba kabadilisha jina asije akalichafua jina lake. Akatekwa, akafa kwenye kambi ya wafungwa ya Salisbury, North Carolina, Desemba 1864, ana miaka 18. Alikuwa upande wa jeshi lililokuja kuumaliza utumwa kule. Baba anapigana nao huku kwa maneno na miguu, mtoto kule kwa bunduki, na hawakupata kuzungumza.

Thomas alifariki Misri mwaka 1876, bado kijana. Agnes ndo alikuwa kipenzi cha baba, barua nyingi zilikuwa zake. Anna Mary, wa mwisho, kazaliwa Kuruman 1858 baba hayupo, akamuona baba kwa mara ya kwanza akiwa na miaka mitano. Aliishi mpaka 1939, na mtoto wake, Dk. Hubert Wilson, alikwenda kuwa daktari wa misheni huko huko Chitambo, karibu na ulipozikwa moyo wa babu yake. Hili wengi hawalijui na linanifurahisha sana.

Kuna mtoto wake yeyote aliyewahi kufika Zanzibar?

Yupo, Oswell. Mwaka 1872 alikuja Unguja na msafara uliotumwa kutoka London kumtafuta baba yake. Wakiwa bado wanajitayarisha kuingia bara, Stanley, yule mwandishi wa gazeti aliyekwenda kumtafuta Livingstone, akatokea Bagamoyo na habari kwamba kesha muona Livingstone Ujiji, mzima, kamwachia vyakula na vitu. Msafara ukavunjika, na Oswell naye hakwenda. Akarudi kwao. Mwaka uliofuata baba akafa. Ukisimama Forodhani ukaangalia bahari fikiria tu kwamba yule kijana alisimama hapa hapa, baba yake yuko ng'ambo ile.

Chuma na Susi ni nani? Mbona kila nikikuuliza habari za Livingstone unaishia kwao?

Kwa sababu ndo waliomleta! Na kwa sababu nao kwangu ni sehemu ya familia inayokumbukwa na kile kioo, hata kama mgeni haji kuwauliza.

Susi kwao ni Shupanga. Pale pale alipozikwa Mary. Aliajiriwa mtoni kwenye meli za Livingstone, akamfuata mpaka Bombay na kurudi, akamfuata mpaka mwisho. Chuma alikuwa mtoto wa Kiyao, kafungwa kwenye msafara wa watumwa, Livingstone na Askofu Mackenzie wakawafungua njiani mwaka 1861. Yaani mtoto aliyekuwa aletwe kuuzwa kwenye soko kama hili letu ndo kaja kumbeba aliyemfungua.

Na walimbeba vipi. Kutoka Chitambo mpaka Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,500, karibu miezi tisa, wanaume, wanawake na watoto. Aliyesoma sala ya mazishi ya moyo ni Jacob Wainwright, naye mtumwa aliyekombolewa akasomeshwa skuli ya Nasik kule India, na ndiye aliyechonga jina na tarehe kwenye mti. Walipofika Tabora walikutana na Luteni Cameron, Muingereza, akawashauri wamzike hapo hapo mambo yaishe. Wakakataa. Walijua vijiji vingine havitaki maiti ipite, wakaufunga mwili kama mtumba wa kitambaa, wakapita. Februari 1874 wakafika Bagamoyo, meli ya Vulture ikauvusha mwili mpaka Unguja, na hapa wakalipwa mishahara yao wakaambiwa ahsanteni, nendeni. Kulikuwa hakuna hata mpango wa kuwalipa, kaimu balozi Prideaux alitoa mfukoni mwake.

Mazishini London alikwenda Jacob peke yake kati yao. Chuma na Susi walifika baadaye, nauli kalipa rafiki wa Livingstone, James Young, wakakaa na Horace Waller, mhariri wa shajara za mwisho za Livingstone, wakimsaidia kuzipanga, maana wao ndo walikuwa wanajua nini kilitokea wapi na nani alisema nini. Nishani zao zilitengenezwa pia, ila zilipokuwa tayari wengi walikuwa wamekwisha tawanyika.

Halafu wakarudi kwetu. Chuma aliongoza misafara ya misheni na ya wapelelezi, akafariki hapa Unguja 1882 kwa kifua kikuu, umri miaka thelathini na kitu, mwaka ule ule wa Steere. Susi alibatizwa 1886, na jina alilopewa ni David. Kafariki hapa hapa Unguja, 1891. Kwahiyo mwenye dirisha kalala London, waliombeba walifia kwetu.

Ile rangi imepakwa juu ya kioo? Na ni kweli inafifia?

Rangi yenyewe haijapakwa, imo ndani. Kioo kikiwa bado kimeyeyuka kinatiwa madini, kobalti inatoa buluu, shaba inatoa kijani au nyekundu, manganizi inatoa zambarau. Vipande vinakatwa, vinaunganishwa kwa vipande vya risasi laini, kama mshono wa kanga mbili. Kinachochorwa juu ni nyuso, mikono, mikunjo ya nguo na maandishi, kwa wino wa unga wa kioo kisha vinachomwa kwenye tanuri ushike. Kwahiyo rangi haifi kwa jua kama pazia. Kinachokufa ni vilivyobakia: risasi inalegea kwa joto kioo kinabenuka, vyuma vinavyoshikilia vinaota kutu kwa chumvi ya bahari, kutu inavimba inapasua mawe, na ule wino wa nyuso unabanduka.

Ndo maana nawaomba sana, hasa kina mama wenzangu wa zamu: msioshe kwa sabuni, wala siki, wala ndimu, wala lile gazeti lililoloweshwa tunalotumia nyumbani. Kanisa moja nililowahi kusali zamani walisugua dirisha lao kwa ajili ya Pasaka, likang'aa kweli, na uso wa malaika ukatoka na kitambaa. Sijasahau. Vumbi ondoa kwa brashi laini, kavu, kwa ndani, na ukiona kipande kinatikisika usikibonyeze, mwambie padri.

Zile nguzo za nyuma ni kweli zimegeuzwa kichwa chini?

Hadithi inasema hivyo, mafundi walizisimamisha Steere akiwa safarini, aliporudi akaziacha. Ziangalieni zenyewe.

Mie Muislamu, naweza kuingia? Mama kanikataza.

Mama msikilize kwanza, umweleze unakwenda kuona historia. Kwa upande wetu karibu sana, tena wanaokuja kwa makundi ni wanafunzi wa Kiislamu wa skuli za hapa. Hata saa ya mnarani inasimuliwa kuwa ni zawadi ya Sultan Barghash, sharti lake mnara usipite urefu wa Beit al-Ajaib, jumba lake la Forodhani. Na kiwanja, sehemu yake ilitolewa na tajiri wa Kihindi, Jairam Senji. Kwahiyo tokea siku ya kwanza lina mkono wa kila mtu.

Nije saa ngapi, na nianze wapi?

Asubuhi mapema, kabla makundi hayajaingia. Tiketi unakata getini, inakupa na maonesho ya historia ya utumwa. Jumapili misa ni ya Kiswahili, ukija kusali karibu, ukija kupiga picha subiri tumalize. Nguo za heshima, mabega na magoti yafunikwe, hapa ni Unguja.

Uanzie nje kwenye sanamu za mnyororo. Kisha ingia, simama kando ya jiwe jeupe, usilikanyage ukiweza. Halafu msalaba wa mpundu, halafu dirisha. Uwe na watoto, waambie watafute jina la Livingstone wenyewe, wakilipata ndo uwatajie Mary, Robert, Oswell, Chuma na Susi. Mie nipo Jumamosi, mwenye kitambaa.